Kunakili Tarehe

Kalenda mpya ni ya bure, nimepewa na bucha la Hilltown.
Ina picha ya kondoo aliyesimama kilimani
akinikazia macho kama karani wa pasipoti.
Naitandaza mezani kando ya ile kuukuu,
yenye doa la mchuzi mwezi wa Mei,
nawasha hita, nusu saa tu,
maana mita ya umeme inakula kuliko wageni.
Saa kumi bado haijagonga,
na giza la Dundee limeshaketi kitako.

Kila mwisho wa mwaka naifanya kazi hii:
kuhamisha tarehe, moja moja,
kama mtu anayehama nyumba
akabeba vikombe mwenyewe,
asiwaamini wapagazi.

Januari: zamu, zamu, zamu.
Februari theluji, basi likagoma kupanda mlima,
nikapanda mimi, viatu vimejaa maji;
Bi Isobel akanifungulia, akasema nimechelewa.
Machi: mtihani wa udereva. Nimefeli.
Juni: mtihani wa udereva. Wino uleule.
Agosti ina neno moja, bahari.
Tulikwenda Broughty Ferry, Tunu na mimi,
tukakaa mchangani na majaketi yetu, tukala chipsi,
shakwe akampokonya kipande mkononi,
akacheka hata akapaliwa.
Siku moja, mwaka mzima, isiyokuwa na saa ndani yake.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga.
Wahenga hawakupewa dakika kumi na tano
za kumwogesha mtu, kumvisha, kumpa dawa,
kisha kuandika kwenye simu
kwamba ameogeshwa, amevishwa, amepewa dawa.
Nimeukimbia mwaka. Sasa naupindua kama gunia,
naukung'uta, nione kilichonasa pembeni.

Pumba zipo. Na punje zipo:
Tunu anajua kuelea, cheti kimebandikwa kwenye friji.
Nyumba ya dada Mwanakombo imeezekwa, mabati thelathini;
picha aliyotuma ilimeremeta hata nikafumba jicho moja.
Deni la Shebe nililimaliza Oktoba,
naye hajui ni chakula gani sikula.

Novemba, tarehe tisa: Bi Isobel, miaka tisini na moja.
Kalamu inasita.
Alikufa siku nne kabla, keki nimeshainunua,
ndogo, ya limau, kwa kuwa zabibu kavu zilimkwama menoni.
Tuliila mimi na Tunu, bila mshumaa.
Tarehe ya marehemu, je, hunakiliwa?
Kazini kuna fomu ya kila kitu, ya hili hakuna.

Alinifundisha majina sita ya mvua,
nami nikamfundisha moja, rasharasha.
Akalipenda. Alilitamka kama anayetema mbegu,
na kila asubuhi, kabla hata ya chai,
aliuelekeza uso dirishani, akaniuliza:
rasharasha?

Nimeinakili. Tarehe tisa, bila umri.
Nimeandika lile neno tu.

Haya, na mambo yangu.
Udereva, Aprili, mara ya tatu.
Fomu ya chuo cha uuguzi, kabla mwezi wa pili haujaisha.
Ijumaa moja moja nachora mkwaju: hapa sipokei simu,
hata msimamizi akinililia.
(Nitapokea. Najijua. Lakini mkwaju uwepo.)

Tunu anakuja na soksi moja, anachukua kalamu ya kijani,
bila kuuliza anaandika katikati ya Februari,
kwa herufi zinazovuka mipaka ya siku tatu: BAHARI.
Namwambia Februari bahari ni barafu, mwanangu.
Si tutavaa majaketi, anasema,
na anarudi alikotoka.

Hita imejizima.
Nimefika Mei, iliyobaki nitainakili kesho baada ya zamu.
Naitundika ile mpya juu ya doa la ukutani.
Kondoo bado ananikazia macho.
Na nje, sikiliza, juu ya kioo,
ndiyo, Bi Isobel. Ndiyo.