Nyongeza

Tiketi ilisema chakula kimo.
Kumbe umo wali, yumo kuku,
umo na mkate wa vitunguu saumu;
kamba koche hayumo.
Yeye ana dola zake thelathini na tano, pembeni,
kwa herufi ndogo kama za kwenye boksi la dawa.

Meli bado imefungwa gatini.
Dirishani naliona paa la soko la Feri,
nilikomenya kamba miaka tisa
vidole vikinuka hadi siku ya Idi.
Koche tuliwauza kwa kilo na kwa kelele;
aliyekatika masharubu hana mnunuzi,
huyo tulimpika wenyewe.

Mshindo, kiinua mgongo bado kibichi mfukoni,
akasema, "Lete wawili."
Nikamkanyaga mguu chini ya meza.
"Wawili," akarudia. "Leo na wewe uletewe."

Wakaja wamepasuliwa, wamepakwa siagi,
na koleo linalong'aa kama la daktari wa meno.
Nikaliweka kando. Nikavunja kwa mkono.
Mhudumu, mtoto wa Mtoni kwa lafudhi yake,
akainama sikioni:
"Mama, ndimu na pilipili ninazo. Zangu mwenyewe."

Hizo hakuziandika kwenye bili.