Sanduku la Chini ya Kitanda

Mama yangu Kavugho hakuamini redio wala majira ya mvua.
Aliamini chumvi.
Chumvi haiozi, alisema, na siku ya kukimbia
ndiyo kila mtu huiacha mezani.

Chini ya kitanda chao, juu ya matofali mawili
ili unyevu wa sakafu usipande,
lilikaa sanduku la bati la rangi ya kijani.
Ndani: mirongo sita ya maharagwe
yaliyochanganywa na majivu, fukusi wakose pumzi;
sambaza wa ziwani, wakavu hata ukiwagusa wanalia kama karatasi;
unga wa muhogo, mfuko ndani ya mfuko;
viberiti vilivyofungwa kwa nailoni; chumvi, bila shaka;
kopo moja la maziwa ya unga, ambalo hata kulitaja lilikuwa kosa;
na pakiti kumi na mbili za biskuti.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi alilivuta nje.
Cha zamani kikaenda chunguni, kipya kikashuka chini.
"Chakula nacho hupanga foleni."
Wiki nyingine hakulifungua. Alilisukuma kwa mguu tu,
likakataa kusogea, akaridhika.

Baba alicheka: "Unamwekea nani? Mlima?"
Mama hakucheka. Alikuwa msichana mlima uliposhuka
mbio kuliko ng'ombe,
akala siku nne muwa wa shamba la mtu asiyemjua.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na njaa isiyo ya tumbo.
Birere palikuwa na kibanda cha video,
wanaume wanaruka kutoka paa hadi paa bila kuvunjika.
Pakiti ya kwanza niliila nikiwa nimelala kifudifudi,
kinywa kwenye blanketi, meno yasisikike.
Kisha maharagwe, glasi kwa glasi,
kwa Bitondo wa kona, aliyenunua bila kuuliza.

Lakini mguu wa mama!
Nikaweka mawe.
Goma mawe hayanunuliwi, unainama tu:
meusi, yenye matundu kama mkate ulioungua.
Nikayafunga kwa nguo kuukuu, nikayapanga
kwa adabu kuliko nilivyowahi kupanga daftari zangu.

Siku hizo hizo mbingu ikawa nyekundu upande usio wa jua.
Barabara ikajaa magodoro yanayotembea.
Baba alibeba mashine ya kushona, mama alisema neno moja:
"Sanduku."
Tukalipakia kwenye chukudu ya Muhindo,
wao wakavuta mbele, mimi nikasukuma nyuma,
hadi Sake, usiku kucha, majivu kwenye kope.
Mimi peke yangu nilijua tunachosukuma.

Alfajiri, uani kwa shule, wanawake wakatusogelea
kama watu wanavyosogelea sanduku lililofungwa vizuri.
Mama akafungua.
Akatoa jiwe. Akatoa la pili. Akaligeuza mkononi
kama anayechagua kiazi sokoni.
Nilitazama kidole chake kikubwa cha mguu.
Sikuweza kutazama juu zaidi.

Akachagua matatu yanayolingana, akayaweka chini.
"Mafiga tumekuja nayo," akawaambia.
"Nani ana kuni? Nani ana sufuria?"

Tukala ugali wa muhogo na chumvi,
na sambaza mmoja mmoja kila mkono.
Mimi alinipakulia wa kwanza,
kama mgeni.

Hakulitaja jambo hilo hadi tulipomzika.

Leo nina sanduku langu, Ndosho, juu ya matofali yangu.
Nina binti pia, Ushindi, ana miaka saba
na makombo kwenye kola ya sare.
Jana nimelisukuma kwa mguu.
Likateleza kirahisi mno.

Sikulifungua.
Nimevaa viatu, nikaenda dukani
kununua biskuti.