Mspruzi wa Kimo cha Goti

Niliununua Perth, Jumamosi ya mvua,
pauni kumi na mbili pamoja na chungu,
na kikaratasi shingoni: *Hautapita kiuno
kwa miaka ishirini.*
Nikacheka. Mti unaoahidi kutokua!

Kwetu mti hupandwa ili upande.
Mche ukidumaa tunauhoji udongo,
tunamshuku mbuzi.
Huku nimelipia kudumaa, na risiti ninayo.

Nikauchimbia shimo chini ya dirisha la jikoni,
changarawe kwanza, mizizi isisimame majini.
Kila Mei nausaka utitiri
kama alivyonifunza Bwana Lorimer wa nyumba ya pili:
shika karatasi nyeupe, gonga tawi,
kisha tazama vumbi lipi linatembea.

Mwaka wa sita, ubavuni karibu na kilele,
likachomoza tawi lisilosoma kikaratasi:
nene, sindano ndefu, kijani cha mwituni,
limenyooka kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Likate," akasema Lorimer juu ya ua, "leo hii.
Hiyo ni damu ya babu zake wa msituni.
Ukiliacha litaumeza mti mzima."

Nikatwaa mkasi. Nikaurudisha.
Nikautwaa tena.

Nuhaila akatoka na mkoba wa shule,
suruali niliyomnunulia Agosti
imekwisha kumpandia juu ya vifundo.
"Mama, unamfanya nini huyo?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia chai itapoa.
Mkasi uko juu ya friji
tangu siku hiyo.