Mipaka ya Nyumba ya Mwana Mize

Waliniita niandike. Nusu riali, na kahawa.
Mwana Mize binti Shee Mwidani auza nyumba
kulipa deni la marehemu kwa Banyani Lakhmidasi,
na hati haisimami bila mipaka minne.

*Kibla, nyumba ya Makame mfua fedha.*
Hati ikatosheka. Mimi sikutosheka.
Ukuta ule ni mmoja, matumbawe yamekula chokaa moja,
na nyundo ya Makame ilikwisha mzoeza mama yule
kulala ndani ya kelele.
Eda yake yote, miezi minne na siku kumi,
Makame alikwenda kufulia mitali yake Kilindini, kwa shemejiye,
akirudi usiku na vumbi la ndia nzima miguuni,
mjane asije akahesabu siku kwa nyundo yake.
Nilitafuta pa kulitia hilo. Hapakuwa na pa kulitia.

*Suheli, tanuri la Mwinyi Chande mchoma chokaa.*
Miaka kumi na mmoja wamegombana kwa moshi
uingiao katika mchuzi.
Leo ndiye aliyetangulia kufika.
Amekaa kizingitini, kope nyeupe, mikono mapajani,
hajasema neno.

*Matlai, chochoro*, ambamo hupita mtu mmoja,
na mwenye mtungi akikutana na mwenye mtungi
mmoja hurudi kinyumenyume hadi kwao.
Hapo Nana Khati huuza mikate ya mofa.
Madeni yake huyaandika ukutani kwa mkaa,
vijistari, vijistari.
Mvua ikinyesha, mtaa mzima umesamehewa.

*Maghribi, ndia iendayo Ngomeni.*
Basi. Askari hupita, wala hatuwajui majina.

Lakhmidasi alikalia robota lake la kaniki,
maji yake kaja nayo katika kikombe chake cha shaba.
Si mtu mbaya. Mizani yake niliwahi kuijaribu kwa siri,
nikaona haya kuijaribu.
Daftari lake, lakini, halinyeshewi.

"Sasa vilivyomo," akasema.

Nyuma ya pazia sauti ya Mwana Mize, kavu, bila kukatika:
"Boriti thelathini na mbili.
Kisima, nusu. Nusu ya pili ni ya mtaa, andika hivyo hivyo.
Mlango mmoja wa msaji, wenye nakshi."
Akanyamaza. Bangili zikalia, zikatulia.
"Na Almasi.
Na jiwe la kusagia."

Almasi ndiye aliyekuwa akinishikia taa.

Mlango ule ni kazi yake. Ramadhani mbili ziliukuta haujesha.
Juu yake mna aya; niliiandika mimi karatasini,
naye akaikata herufi kwa herufi
bila kujua hata moja isomwavyo,
na watu wakipita husimama, wakasema: *Mashallah, hati ya nani hii?*
Nami, Mungu anisamehe, hujibu: yangu.

Nikaandika. Wino ulikuwa mwepesi, au mkono.
Mlango. Kisha yeye. Kisha jiwe.

"Mimi ni upi hapo?" akauliza, pole pole,
kama mtu aulizaye bei ya kitu asichokusudia kununua.

Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu.
Akainama, na taa ikainama pamoja naye,
vivuli vyetu vyote vikapanda darini.
Akatazama kama atazamavyo ubao kabla ya patasi.

"Huu mti wa kwanza," akasema, "umelala."

"Ni alifu," nikamwambia.

Kweli ilikuwa imelala.
Makame alikuwa akifuta masizi ya kidole, tayari kwa ushahidi;
akaacha kufuta.
Mwinyi Chande akakohoa, akatazama mlango.

Nikachovya tena, nikaisimamisha.

Ndilo neno jeusi kuliko yote katika hati ile.