Mkoba Usiosema

Duka la Gaylon Stubbs, Amarillo, saa tatu asubuhi,
upepo umeleta harufu ya mazizi mpaka kwenye kaunta.
Nataka mkoba, nikamwambia,
wa mwanamke wa miaka hamsini na minne
anayezunguka nyumba za watu akifunga vidonda.

Akanitolea mweusi, kamba kila upande,
vitanzi vya kutundikia sijui nini, nembo ya fuvu mbele.
Huu, Gaylon, ni mbiu ya mgambo.
Mwizi akiuona atajua cha kuiba,
na asiye mwizi ataniogopa bure.

Akaleta wa ngozi, bei yake kodi ya mwezi.
Akaleta mwingine wenye ile nata ya kuchanika:
nikaufungua, krrraaa,
mbwa wake akaamka chini ya meza.

Zipu nazijaribu kwa kidole gumba, macho nimefumba,
kama ninavyotafuta mshipa kwenye mkono mnene.
Nikamhesabia vya kubeba:
mita ya sukari, bandeji, mkasi butu, miwani,
peremende za tangawizi,
na kwa sababu ya hizo peremende
(wajukuu wa wagonjwa, mikono yao haijui kubisha hodi)
chumba cha nyuma kiwe na kufuli,
ufunguo nitauvaa shingoni na pete ya Dale
ambayo kidole changu kimeikataa tangu kivimbe.
Na bastola.
Niliitaja mwisho, kama mgonjwa
anavyotaja mlangoni, akishaaga,
kile hasa kilichomleta.

Ilikuwa ya Dale. Miaka sita imelala juu ya kabati.
Kisha Novemba, kituo cha mafuta, barabara ya kwenda Claude,
mtu wa gari la bluu akanifuata
mpaka kwa mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Hakunifanya kitu.
Habari yote ni hiyo: hakunifanya kitu,
nami silali.

Niliukuta mwenyewe, nyuma ya mabuti ya punguzo,
wa turubai, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo,
ulishonwa kubebea nepi na chupa za maziwa.
Nikautikisa. Kimya.
Kufuli la chumba cha nyuma lilikuwa dogo, ila gumu.
Dola thelathini na nane.
Gaylon akacheka: mkoba wa bibi anayekwenda kununua viazi.
Ndiyo, nikasema. Viazi.

Siku mbili nikapita nao, wala jicho halikutua juu yake.
Dada yangu Jolene akauliza kama nimepata mjukuu.
Bega la kulia tu ndilo lililojua,
likaanza kuinama kama rafu yenye skrubu moja.

Alhamisi nilikuwa kwa Orville Kessinger:
miaka arobaini machinjioni,
sasa kisukari kimemla macho yote mawili
na kidole kimoja cha mguu.
Nikautua mkoba sakafuni taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto aliyekataa kulala.

"Ratili mbili," akasema.
"Nini?"
"Na robo. Jumanne haukuwa nazo.
Wala si dawa. Dawa hutua zikitawanyika.
Hiki kimetua kimoja."

Siri ya mtungi aijuaye kata, husemwa;
ya mkoba, kumbe, ni ya sakafu
na ya masikio ya mchinjaji.

Niliinama nikaanza kufungua bandeji yake.
Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri, chekundu pembeni.
Upepo ulikuwa unapigapiga bati la gereji.
Nilingoja aulize ni ya aina gani, nimeinunua wapi,
ninajua kuitumia? Wanaume wa huku huuliza hayo.

"Ni nani huyo, Verna?" akauliza.

Nami niliyezunguka duka zima
nikitafuta kitu kisichosema,
mguu wake mkononi, maji ya chumvi yakipoa kwenye beseni,
nikaanzia kwenye kituo cha mafuta.