Kauli ya Kutendeka

Habari ilinifikia imefungia kachori,
ukurasa wa tano, mafuta yamekula tarehe:
"Skuli ya Kitumbawe yaunganishwa."
Nikafuta mkono, nikatoa kalamu nyekundu,
maana miaka ishirini na sita nimefundisha vitenzi pale
na mkono haukupata taarifa kwamba umestaafishwa.

Yaunganishwa. Na nani, mwanangu?
Mtenda yuko wapi?
Sufuri. Rudia.

Mstari wa chini: "Hatua imepokelewa vyema na wadau."
Wadau ni wingi wa mdau. Nimezunguka shehia nzima
kumtafuta hata mmoja. Mize Shaame hamjui.
Faki wa duka la unga akaniuliza,
"Mtoto wa nani huyo?"

Waraka wenyewe niliazimwa na sheha, usiku mmoja tu,
kurasa arubaini na moja, jalada la buluu
na picha ya watoto wanaocheka. Si wetu.
Wetu hawana soksi.
Humo sisi ni "kituo chenye tija ndogo",
nukta ya kijivu katika jedwali la tatu,
na njia ya kwendea skuli mpya
ni kilomita mbili nukta nane,
imechorwa kwa rula, inapita juu ya mikoko
kama kunguru.

Maji ya bamvua hayamo katika waraka.
Chumu wa darasa la tano yumo katika maji ya bamvua,
mpaka kiunoni,
viatu kichwani, daftari limekunjwa ndani ya kiatu.

Ukurasa wa mwisho, aya ya pili:
"majengo yaliyofungika."
Hapo nikaweka kalamu chini.
Mlango hufungika kwa upepo.
Jicho hufungika kwa usingizi.
Skuli alikuja kuifunga kijana wa pikipiki,
kofuli mpya, funguo tatu,
akaniomba maji ya kunywa.
Nikampa. Si mbaya yule kijana.
"Nimeagizwa, mwalimu," akasema,
na mimi, kwa mara ya kwanza,
sikumsahihisha mtu.

Kupitia nondo za dirisha bado nauona ubao,
mwandiko wangu, somo la Alhamisi:
funga, fungwa, fungika,
na nafasi tupu ya neno la nne.
Chumu alikuwa amenyanyua mkono, analo,
"Fungiwa, mwalimu! Wame..."
Kengele ikagongwa.
Nikamwambia, utamaliza kesho.