Kulia na Kushoto

Bi. Orysia Hnatiuk alipiga simu Jumatano, saa saba kasoro robo.
Mtangazaji wenu wa mchana amekwenda wapi?
Nasikia makofi. Anayepigiwa makofi simsikii.

Nikasema nitaangalia.
Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
uwanda wa Saskatchewan umetandikwa kama shuka lisilolaliwa,
na dishi letu, nyuma ya karakana ya matrekta,
limepakata theluji kama mtoto wa jirani.
Nikalifagia kwa ufagio wa jikoni.
Risiva haikujali. Taa yake ya kijani
haikupepesa jana, haikupepesa leo.
Wapo watu wa namna hiyo: hujambo, sijambo,
na nyuma yao paa linaungua.

Nikaizima, nikahesabu hadi sitini, nikaiwasha.
Nikabadilisha kebo ya dishi iliyoguguniwa na panya,
kidogo tu, hata shaba hajaifikia.
Nikapiga Toronto. Kijana mmoja akaniambia
kwao kila kitu kizima, akanitakia siku njema.
Garnet, anayesoma bei za ngano, akavaa hedifoni:
Mbona yupo? Yupo, ila
ni kama amesimama nyuma ya kisogo changu.

Ningekuwa na akili ningejua papo hapo.

Lakini nilitazama mita. Sindano mbili,
ya kulia ikiinuka, ya kushoto ikiinuka,
mapacha safi wanaokwenda shule.
Mpaka jioni, nilipoazima redio ya fundi wa matrekta,
ya spika moja, yenye grisi hadi kwenye kishikio,
nikaiweka mezani, nikatega sikio:
makofi, kikohozi cha mtu ukumbini,
pindo za muziki,
na katikati shimo lenye umbo la mtu.

Ndipo.
Kulia kunalia. Kushoto nako kunalia,
kilio kilekile, ila huyu anavuta pumzi
mwenzake akiitoa,
na wakikutana kwenye spika moja
kila mmoja anamlipa mwenziwe deni lote,
mfukoni hakibaki kitu.
Mwenye spika mbili hajui kuna msiba.

Nikapiga magoti nyuma ya rafu, tochi mdomoni,
nikafungua plagi ya kulia.
Waya wa moto umekaa kwenye pini ya waya wa baridi,
wa baridi kwenye pini ya moto.
Na lehemu ile naijua, ina kitumbo kama punje ya ngano.
Hapa kituoni hakuna mwingine anayelehemu hivyo.
Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, usiku,
vidole vimekufa ganzi, na Lenore kwenye simu akiuliza
narudi au sirudi,
nami nikijibu yote mawili.

Dakika nne. Lehemu ikayeyuka, ikanuka, ikaganda.
Asubuhi Garnet akauliza ilikuwa nini.
Panya, nikasema.
Panya, maskini, hakujitetea.

Alhamisi mchana nikampigia Bi. Orysia.
Akanyamaza. Nyuma yake, jikoni,
mtangazaji alikuwa akimhoji mfuga nyuki
kwa sauti nzima, yenye mifupa.
Kisha akaniambia, chinichini, kama mtu anayetoa noti soksini,
kwamba siku tisa alidhani ni masikio yake,
yameanza kuchagua ya kusikia;
kwamba hakumwambia binti yake,
asije akaletewa zile fomu zenye picha za bustani;
kwamba jioni alikuwa akidondosha kijiko sakafuni
makusudi,
akahakikisha kimelia.

Sikujua la kusema. Nilikuwa na kovu jipya la moto
kwenye kidole gumba, nikawa nalitazama.

Akakohoa. Sauti ikapanda:
Na mwambie asipige kelele. Mimi si kiziwi.